Shamba la Nabothi Kisiwani Bougainville

Masomo: 1 Wafalme 21, Mathayo 5:23–24

Wapendwa Wakristo wa mtaa wetu,



Jumapili moja ya hivi karibuni, katika sala za kuwaombea watu wote, tulilitaja Kanisa la Melanesia kama lilivyoandikwa katika kalenda ya maombi ya Waanglikana. Baada ya Misa mzee mmoja alitungoja mlangoni, akauliza: "Baba Padri, hao tuliowaombea leo ni watu gani, nao wana shida gani?" Hatukuwa na jibu la kutosha siku ile. Tulimwambia tutatafuta habari zao, kisha tutaandika katika jarida letu ili wote wasome. Leo tunalipa deni.

Melanesia ni visiwa vilivyo katika bahari ya Pasifiki, kaskazini na mashariki ya Australia. Jina lenyewe limetoka katika Kigiriki, maana yake visiwa vya watu weusi. Visiwa hivyo ni vingi na kila kimoja kina habari zake. Sisi tumechagua kimoja tu, Bougainville, kwa sababu habari zake zimetushika moyoni. Wakristo wengi wa Bougainville ni Wakatoliki, wala si Waanglikana. Lakini majirani zao wa Visiwa vya Solomon, ambao ni ndugu zao wa damu, wengi ni wa Kanisa letu la Melanesia. Tukimwombea mmoja hatuwezi kumwacha ndugu yake nje ya mlango.

MPAKA ULIOCHORWA MBALI

Mtaona kwamba watu hawa na sisi tulitendewa mambo yanayofanana. Mwaka 1886 Wajerumani na Waingereza walikubaliana mipaka ya kugawana nchi zetu za Afrika Mashariki. Mwaka huo huo walichora mstari mwingine baharini, wakagawana visiwa vya Pasifiki ya Magharibi. Mwaka 1899 mstari ule ulibadilishwa. Visiwa vingi vya Solomon vikawa vya Waingereza, lakini Bougainville na kisiwa jirani cha Buka vikabaki kwa Wajerumani. Hivyo mtu wa Bougainville na ndugu yake anayeweza kumfikia kwa mtumbwi wakawa watu wa nchi mbili. Hakuna aliyewauliza.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia Tanganyika ilitiwa katika mikono ya Uingereza, na Bougainville ikatiwa katika mikono ya Australia. Tangu wakati wa Wajerumani Bougainville ilikuwa imefungwa pamoja na nchi kubwa ya New Guinea, iliyo mbali nayo, na ikabaki hivyo. Septemba 1, 1975, watu wa Bougainville walitangaza kwamba wanataka kuwa nchi yao wenyewe. Hawakusikilizwa. Siku kumi na tano baadaye, Septemba 16, Papua New Guinea ilipata uhuru wake, na Bougainville ikiwa ndani.

Kwa nini Bougainville isiachwe iende zake? Sababu ni nyingi, lakini moja ilikuwa chini ya ardhi. Hapo ndipo tunapofika kwenye somo letu.

SHAMBA LA NABOTHI

Wengi wetu tunakijua kisa cha Nabothi wa Yezreeli tangu darasa la kipaimara. Alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka shamba lile apande mboga. Lakini tusisome haraka. Ahabu hakuanza kwa kunyang'anya. Alianza kwa kununua. Alimwambia Nabothi atampa shamba jingine lililo bora zaidi, au atamlipa fedha. Kwa mtu wa biashara, bei hiyo ni ya haki kabisa.

Nabothi alikataa, wala hakukataa kwa sababu bei ni ndogo. Alikataa kwa sababu shamba lile lilikuwa urithi wa baba zake, na urithi aliukabidhiwa na Mungu ili aukabidhi kwa wanawe. Ahabu hakuweza kuelewa kwamba duniani kuna kitu kisichouzwa. Alirudi nyumbani, akalala kitandani, akageuza uso ukutani, akasusa chakula kama mtoto. Ndipo Yezebeli akaandika barua kwa muhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo wakapatikana, na Nabothi akapigwa mawe. Kila jambo lilipita katika baraza kwa utaratibu wake. Mtu aliuawa kwa karatasi na muhuri kabla ya kuuawa kwa mawe.

Katika milima ya Bougainville, mahali paitwapo Panguna, wataalamu walikuta shaba nyingi katika miaka ya 1960. Sheria ya wakoloni ilisema kwamba kilicho juu ya ardhi ni cha mwenye shamba, lakini madini yaliyo chini ni ya serikali. Wenyeji walishangaa sana. Je, mtu anaweza kumpa mwenzake mti, akajibakizia mizizi?

Tena yako jambo jingine la kulijua. Katika sehemu kubwa ya Bougainville ardhi hupita kwa upande wa mama. Mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na shamba hurithiwa hivyo hivyo. Ndugu zetu Wayao, Wamakonde na Wamakua hawahitaji kuelezwa zaidi, maana wazee wao walikaa hivyo. Basi kule Nabothi ni mwanamke. Mwaka 1969, wapimaji walipokuja kijiji cha Rorovana, pwani, kuchukua ardhi ya kujengea bandari ya mgodi, akina mama walitoka mbele kuzuia. Walikutana na virungu na mabomu ya machozi.

Mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 1972, nao ulikuwa mmoja wa migodi mikubwa kabisa duniani ya kuchimbwa kwa shimo la wazi. Fedha zake zilikuwa zaidi ya asilimia 40 ya mauzo yote ya Papua New Guinea katika nchi za nje. Fedha hizo zilijenga shule na barabara za nchi nzima, na faida nyingine ilikwenda kwa wenye hisa ng'ambo. Wenye ardhi walipata kidogo sana. Kwa muda wa miaka kumi na saba zaidi ya tani bilioni moja za mchanga na mawe ya mgodi zilitupwa katika mito ya Kawerong na Jaba. Samaki wakatoweka, mashamba ya bondeni yakafunikwa, na mito ikahama njia zake. Mzee mwenye shamba alimwona mjukuu wake akikua bila kujua kuvua, kwa kuwa mto wa kuvulia haukuwapo tena.

Tusiseme kwamba kila aliyefanya kazi pale alikuwa Ahabu. Wengi walikuwa watu wema waliotafuta riziki. Lakini dhambi ya Ahabu haihitaji watu wabaya wengi. Yahitaji tu watu wengi wanaoamini kwamba kila kitu kina bei.

WATOTO WA NABOTHI

Mwaka 1987 wenye ardhi waliunda chama kipya cha kudai haki yao. Mwenyekiti wake alikuwa mwanamke, Perpetua Serero, na katibu wake kijana aitwaye Francis Ona, aliyekuwa mfanyakazi wa mgodi huo huo. Walidai fidia ya kina bilioni kumi. Hawakupewa. Mwezi wa Novemba 1988 Ona na wenzake waliiba baruti ya mgodi wakaangusha minara ya nyaya za umeme. Mwezi wa Mei 1989 mgodi ukafungwa, na haujafunguliwa tena tangu siku ile.

Serikali ilituma polisi, kisha askari. Vijiji vilichomwa moto, watu wakapigwa, na wengine wakauawa. Vijana wakaingia porini na kujiita Jeshi la Mapinduzi la Bougainville. Mwaka 1990 askari waliondoka, na serikali ikakizingira kisiwa baharini. Mafuta hayakupita, sabuni haikupita, hata dawa zilizuiwa. Watu wakajifunza kuendesha magari kwa mafuta ya nazi, wakawasha taa kwa nguvu ya vijito vya milimani. Twaweza kuwasifu kwa werevu wao. Lakini mafuta ya nazi hayatibu malaria, wala hayamwokoi mama aliyeshindwa kujifungua.

Mpaka hapa kisa ni chepesi kukihubiri. Yuko mwonevu, na yuko mwonewa. Lakini hatutasema kweli tukikoma hapa.

Baada ya jeshi kuondoka, watoto wa Nabothi walianza kuuana wao kwa wao. Aliyekuwa na ugomvi wa zamani juu ya mpaka wa shamba sasa alikuwa na bunduki. Aliyeshukiwa uchawi aliuawa. Aliyesemwa kuwa mpelelezi wa serikali aliuawa bila kuulizwa. Wengine, kwa kuwaogopa wapiganaji wa porini, waliunda kikosi chao na kusimama pamoja na askari wa serikali waliporudi. Kijiji kilipigana na kijiji, na wajomba wakapigana na wapwa. Oktoba 1996 Theodore Miriung, kiongozi wa serikali ya mpito, ambaye alikuwa mwanasheria na mtu wa kuzungumza na pande zote, alipigwa risasi akila chakula cha jioni na jamaa yake.

Vita hivyo vilichukua karibu miaka kumi. Kisiwa kilikuwa na watu kama laki moja na elfu sitini. Hesabu ya waliokufa inatajwa kuwa kati ya elfu kumi na elfu ishirini, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa maradhi na kukosa dawa.

Biblia inalijua jambo hili pia. Miaka mingi baada ya Nabothi kufa, alitokea Yehu kulipa kisasi. Alimwua mfalme Yoramu, mwana wa Ahabu, na kuamuru mwili wake utupwe katika shamba lile lile la Nabothi (2 Wafalme 9). Wengi wakisoma hapo hufurahi, wakisema haki imetimia. Lakini Yehu hakuweza kuacha. Aliua wana sabini wa Ahabu, akaua na jamaa, na marafiki, na watu waliokuwa njiani tu. Sasa fungueni kitabu cha nabii Hosea, sura ya kwanza, mstari wa nne. Bwana anasema ataidai damu ya Yezreeli katika nyumba ya Yehu! Mlipa kisasi wa Nabothi naye anaitwa kujibu. Damu ya kisasi ilianguka katika udongo ule ule, na Mungu aliihesabu yote.

Basi tunazo dhambi mbili juu ya shamba moja. Dhambi ya Ahabu ni kusema kwamba shamba halina maana ila bei yake. Dhambi ya Yehu ni kusema kwamba kwa kuwa tulionewa, hakuna damu tutakayoulizwa. Tuliposoma habari za Bougainville tulitaka kujua kama iko njia ya tatu. Iko. Nayo haikuonyeshwa na wakubwa.

AKINA MAMA WA NCHI

Katika miaka ile mibaya akina mama wa Bougainville walikuwa wakikutana kusali. Walioanza walikuwa wachache, na madhehebu yao mbalimbali, Wakatoliki pamoja na wa Kanisa la Muungano na wengineo. Mtawa mmoja Mkatoliki, Sista Lorraine Garasu, alikuwa miongoni mwa waliowakusanya akina mama wa makanisa yote pamoja. Kule Buka akina mama wengine, Helen Hakena akiwa mmoja wao, waliunda chama cha kuwasaidia walioumizwa na vita. Mwaka 1996 mamia ya akina mama kutoka sehemu mbalimbali walikutana katika mji wa Arawa, uliokuwa magofu, wakazungumza juu ya amani.

Tena walifanya jambo ambalo wanaume hawakuthubutu. Waliingia porini kwa miguu kuwatafuta wana wao na kuwaambia warudi. Mwanamume aliyekwenda porini hivyo angepigwa risasi kama adui. Lakini mama katika nchi ile ndiye mwenye ardhi. Kijana atamwambiaje mama yake kwamba anapigania ardhi, hali mwenye ardhi amesimama mbele yake akimwambia, mwanangu, inatosha?

Mapema mwaka 1997 serikali ya Papua New Guinea ilikodi mamluki kutoka ng'ambo kwa mamilioni ya dola ili wakamalize vita kwa nguvu. Mkuu wa majeshi mwenyewe, Jerry Singirok, alikataa. Aliwakamata mamluki wale na kuwarudisha walikotoka, na Waziri Mkuu akalazimika kukaa kando. Hapo watu wa kila upande waliona kwamba bunduki imefika mwisho wake.

Mwezi wa Julai 1997 viongozi wa pande za Bougainville zilizokuwa zikiuana walikutana katika kambi ya Burnham, New Zealand. Mwezi wa Oktoba walikubaliana na serikali kuweka silaha chini kwa muda. Januari 1998 waliahidiana huko Lincoln, New Zealand, na Aprili 30 vita vikasimamishwa rasmi mjini Arawa. Akina mama walikuwamo katika mikutano hiyo.

Walioletwa kulinda mapatano walitoka New Zealand, Australia, Fiji na Vanuatu, nao hawakuchukua silaha. Wengi walisema ni wazimu kutuma askari mikono mitupu katika nchi ya vita. Lakini hiyo ilikuwa maana yake. Usalama wao ulikuwa mikononi mwa wanakijiji. Mgeni asiye na bunduki humfanya mwenyeji kuwa mlinzi.

KUPOZA MOYO

Kule huzungumza lugha ya biashara iitwayo Tok Pisin, kama huku tunavyozungumza Kiswahili baina ya makabila. Katika lugha hiyo mkutano wa kwanza wa wagomvi huitwa bel kol, yaani tumbo kupoa. Wao husema tumbo pale tunaposema moyo. Siku hiyo hawajapatana bado. Wamekubali tu kuketi mahali pamoja ili joto lishuke, wapate kuzungumza.

Kisha huja mazungumzo yenyewe, na hayo hayana haraka. Aliyeua hukiri mbele ya watu kwamba aliua, na alimwua nani, na mwili wake uko wapi. Jamaa za marehemu husikia. Nguruwe huchinjwa, fedha za simbi za asili hutolewa. Mishale huvunjwa. Waliokuwa maadui hutafuna tambuu pamoja, kama wazee wa pwani yetu walivyokaribishana kwa tambuu na popoo. Tena Wakristo husali hapo hapo, kwa maana watu hawa hawakutenganisha mila njema na Injili. Mapatano ya namna hiyo yalifanyika kijiji kwa kijiji, ukoo kwa ukoo, kwa miaka mingi. Magazeti ya dunia hayakuyaandika sana, lakini bila hayo karatasi za wakubwa zisingesimama hata mwezi mmoja.

Angalieni, wapendwa, jinsi njia hii inavyoziepuka dhambi zote mbili. Si njia ya Ahabu, maana mali inayotolewa si bei ya marehemu. Hutolewa baada ya kukiri, wala haichukui mahali pa kukiri. Wala si njia ya Yehu, maana damu haiongezwi juu ya damu. Tena si kusahau. Hakuna anayesema, yaliyopita si ndwele. Ndwele hutajwa kwa jina lake, na mahali ilipo huonyeshwa, ndipo ipate kutibiwa.

Agosti 30, 2001, mjini Arawa, mkataba wa amani ulitiwa sahihi. Bougainville ikapewa serikali yake ya ndani, silaha zikakusanywa, na watu wakaahidiwa kura juu ya uhuru. Lakini kura hiyo isipigwe upesi. Ingengoja mpaka miaka kumi hadi kumi na tano baada ya kuchaguliwa kwa serikali ile. Serikali ilichaguliwa mwaka 2005, na Joseph Kabui akawa rais wa kwanza. Hebu fikirini. Watu waliofiwa na maelfu kwa ajili ya uhuru waliambiwa wangoje tena, nao wakangoja.

Kura ilipigwa Novemba na Desemba 2019. Vikongwe walibebwa kupelekwa vituoni. Watu 176,928 walichagua uhuru, na 3,043 walichagua kubaki na madaraka zaidi. Ni karibu watu tisini na nane katika kila mia. Hapakumwagika damu. Mwaka 2020 walimchagua Ishmael Toroama kuwa rais, mtu aliyekuwa kamanda wa wapiganaji porini na ambaye baadaye alifanya kazi ya kupatanisha watu na kukusanya silaha.

Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yamekwisha. Francis Ona hakukubali kuingia katika mapatano. Alibaki milimani kwake Panguna mpaka alipokufa mwaka 2005. Ziko jamaa ambazo hazijapata mifupa ya watu wao. Kampuni kubwa ya ng'ambo iliyokuwa na mgodi, Rio Tinto, iliziacha hisa zake mwaka 2016 bila kusafisha mito. Baada ya wanakijiji kupeleka mashtaka mwaka 2020 ilikubali kugharamia uchunguzi, na taarifa yake ilitolewa Desemba 2024, ikionyesha jinsi watu wa bondeni wanavyoumia na kuwa hatarini. Tena kura ile ya 2019 haikuwa ya mwisho kisheria. Mkataba ulitaka pande mbili zishauriane, kisha Bunge la Papua New Guinea liamue. Mwaka 2025 viongozi wa Bougainville walitangaza kwamba wanataka siku ya uhuru iwe Septemba 1, 2027, na Juni mwaka huo huo pande mbili zilikutana tena Burnham kuzungumza. Ndiyo maana tunaendelea kuwaombea.

NA SISI JE?

Mtu aweza kusema: Hizo ni habari za ng'ambo, hapa kwetu hakuna mgodi wa shaba. Kweli. Lakini mashamba yako.

Tunajua nyumba katika mtaa huu ambamo ndugu wawili, waliobatizwa katika kisima kimoja, hawajasalimiana miaka sita kwa ajili ya mikorosho kumi na miwili. Tunajua mjane aliyeondolewa katika shamba alilolima na mumewe, na karatasi zikaandikwa, na mashahidi wakapatikana, na kila kitu kikaonekana kuwa halali. Tunajua vijana walioapa kwamba baba yao atalipiwa. Hatutaji majina. Wenyewe mnajijua, na Mungu anawajua.

Na hapa inatupasa sisi mapadri na wazee wa kanisa tukiri kosa letu kwanza. Mara nyingi mmekuja kwetu na ugomvi wa namna hii, nasi tumewaambia: "Wewe ni Mkristo, samehe tu, yaache." Tulitaka amani ya haraka, ili Pasaka ipite vizuri. Mjane yule tulimwambia asamehe kabla hatujakwenda kumwuliza aliyemnyang'anya. Hivyo tulimfanya Nabothi abebe mzigo wa Ahabu. Hiyo haikuwa Injili. Tunaomba mtusamehe, na tunataka kutenda tofauti.

Bwana wetu alifundisha kwamba mtu akileta sadaka yake madhabahuni, na hapo akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende akapatane kwanza, ndipo arudi. Sikilizeni vizuri. Hakusema, ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako. Alisema, ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako. Anayetakiwa kufunga safari ni yule aliyekosa. Mwonewa hatakiwi kuwa wa kwanza kutembea.

Basi, kuanzia Kwaresima ijayo, tumekubaliana na Baraza la Mtaa mambo matatu. La kwanza, wenye ugomvi wa ardhi waje, nasi tutaketi nao pamoja na wazee wa pande zote mbili, wala hatutaketi saa moja tu na kufunga. Tutaketi hata mara kumi. La pili, katika kila kikao akina mama wawili wa kanisa watakuwamo, tena watasema, wala hawakuitwa kupika chai. La tatu, hakuna atakayeambiwa asamehe kabla aliyemkosea hajaitwa na kuulizwa.

Pengine wengine watasema njia hii ni ndefu. Ni ndefu kweli. Watu wa Bougainville walitembea miaka kumi katika damu, kisha zaidi ya ishirini katika kupatana, nao bado wako njiani. Lakini walipokwenda kupiga kura, yule aliyemwua ndugu wa mwenzake na yule aliyefiwa walisimama katika mstari mmoja juani, wakingoja zamu. Tungependa kuona mstari wa namna hiyo mbele ya altare yetu siku ya Pasaka.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyeisikia damu ya Nabothi ikilia katika udongo, wasikie watu wa Bougainville. Wape subira wanaongoja, na haki wenye mito iliyokufa, na mifupa ya wapendwa wao wanaoitafuta. Uwalinde na njia ya Ahabu na njia ya Yehu. Na sisi, Bwana, utuinue kutoka mahali tulipoketi tukingoja mwenzetu aje kwanza. Kwa Yesu Kristo, aliyetupatanisha nawe kwa damu yake mwenyewe. Amina.

Sisi watumishi wenu katika Bwana.